Chumba Nilichokijaza Mchanga

Mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na miwili, ng'ombe wetu wa mwisho alilala chini nje ya Habaswein na hakuinuka. Baba alimtazama kwa muda, akavua viatu vyake vya tairi, akampa kaka yangu aliyenizidi miaka minane. "Nendeni Wajir mjini," akasema. "Mjini watu wanakula kila siku, hata wajinga." Yeye alibaki na mama na mbuzi sita. Shida yangu ilianzia hapo, na naitaja mwanzo ili msomaji ajue kwamba sikuzaliwa nyuma ya geti.

Sikusoma. Nilifika darasa la tatu nikatoka. Kiswahili nimejifunza kutoka kwa mafundi wa bara, ndani ya mitaro ya misingi, na ndiyo maana kina vumbi. Lakini ardhi ya kaskazini hii nimeichimba zaidi ya miaka thelathini. Injinia akianza kuzungumza juu ya udongo mbele yangu huwa namwacha amalize, halafu naanza mimi.

Watu huniuliza, hasa walimu na maofisa waliotumwa huku, kwa nini nyumba zetu hazina chumba chini ya ardhi. Joto lote hili, wanasema, na chini kuna ubaridi wa bure. Nina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi: chini ya ardhi ni mahali pa maji na maiti. Jibu refu ni mwanangu wa kwanza.

Kwanza niseme habari ya Wajir, kwa sababu ndiko nilikoanza kuijua ardhi. Mji ule umekaa juu ya maji. Chimba kimo cha mtu kati ya mawe meupe ya chokaa, unayakuta yamekungoja. Hiyo ni baraka, na ni adhabu pia, kwa sababu huwezi kuchimba choo. Ukichimba choo umechafua kisima cha jirani. Kwa hiyo watu waliweka ndoo chini ya kiti cha mbao nyuma ya nyumba, na asubuhi mtu akapita kuichukua. Mtu huyo nilikuwa mimi. Walioniona nikija waligeuza uso. Wengine walinirushia malipo chini ili mikono yetu isigusane. Sikuona haya, nilikula. Na nilielewa jambo ambalo watu wenye vyeti hawalielewi: kabla ya kuamua utajenga nini, iulize ardhi ina nini tumboni.

Baada ya miaka miwili kaka alipata kazi kwa kundi la wachimbaji upande wa Habaswein, akanivuta kwake. Tulichimba visima, na zaidi tulichimba mabirika. Birika letu si lile la chai. Ni tangi kubwa la kuchimbwa ardhini, linapakwa simiti na kufunikwa, ili maji ya mvua yakija yakae humo mpaka kiangazi.

Kundi lile lilikuwa na sheria zake. Anayeshuka anafungwa kamba kiunoni, na kamba inashikwa na mtu wa damu yake. Rafiki anaweza kuchoka, lakini ndugu hawezi kwenda kumwambia mama kwamba alichoka. Mtu akianguka chini, hakuna anayemfuata, hata akiwa nani, kwa sababu shimo likishakula mmoja linaita wa pili. Na sheria ya mwisho ndiyo watu wa mjini huicheka: aliye juu lazima amtukane aliye chini, na aliye chini lazima arudishe tusi, tangu anaposhuka mpaka anapopanda.

Haukuwa mchezo. Hewa mbaya ya shimo haina harufu, wala haikukabi. Inaingia kichwani taratibu kama usingizi baada ya wali, na kitu cha kwanza inachokula ni ubishi wa mtu. Mtu akitukana vizuri ana hewa nzuri. Mkubwa wetu, mzee wa jicho moja, alituambia hivi: "Akikutukania mama yako, mwache afanye kazi. Akinyamaza, mvute. Na akianza kuwa na adabu, mvute haraka kuliko akinyamaza."

Kaka yangu alikuwa bingwa. Watu waliacha chai zao wakaja kumsikiliza akiwa futi ishirini chini ya ardhi.

"We fisi, umelala huko?" nilimwita.

"Nilale vipi na miguu yako inanuka mpaka huku!"

"Chimba, mwizi wa mbuzi!"

"Mbuzi nilimwiba nikulipie mahari. Na hayo masikio yako, hata mbuzi mia hawatoshi!"

Nilikuwa na miaka kumi na saba alipokufa. Lilikuwa birika la zamani, limefunikwa kwa mabati na miiba kiangazi kizima, na mwenyewe alitaka tope litolewe kabla ya mvua. Mawingu yalikuwa yameshasimama upande wa kusini. Kazi kama ile, unafungua siku nzima, unateremsha taa ya chemni, ikizimika hushuki. Mwenye birika alikuwa anatazama mawingu. Tulifungua asubuhi na kaka akashuka asubuhi hiyohiyo.

Tulitukanana kama kawaida. Halafu nikasema, "We mbweha, umepata dhahabu huko?"

Kukawa kimya kidogo. Kisha akajibu, na sauti yake ilikuwa laini: "Hapana, mdogo wangu. Wewe pumzika."

Miaka mitano alinilea na hakuwahi kuniambia nipumzike. Nilifurahi. Hilo ndilo ninalolibeba mpaka leo. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo na kamba mkononi, naijua sheria, na nikafurahi kwamba kaka yangu amenihurumia. Nikakaa chini. Nilipumzika, kama alivyosema. Mzee wa jicho moja ndiye aliyeuliza kwa nini hatusikii matusi.

Tulipomvuta alikuwa mzito. Mama hakuniuliza kitu. Aliichukua kamba, akaikunja vizuri, akanirudishia mkononi, na nadhani ingekuwa afadhali angenipiga nayo. Siku ya tatu ya matanga niliapa: hakuna mtu wa damu yangu atakayeshuka tena chini ya ardhi mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Nilikuja Garissa nikachimba mitaro ya misingi, ambayo haipiti kiuno. Kutoka kuchimba nikawa kibarua wa zege, kutoka kibarua nikawa msimamizi, kutoka msimamizi nikawa mtu anayeulizwa. Kamba ya kaka ilioza zamani, lakini sijawahi kukaa bila kamba ndani ya nyumba. Watoto wangu walikua wakiniona kwenye mitaro, na mkubwa wao nilimfundisha lile zoezi la matusi. Kwetu mtoto kumtukana baba ni aibu kubwa, na mama yake alinilaumu sana. Nikamwambia, ndani ya mtaro tunaachiana, akitoka nje ananiamkia kwa heshima. Alikuwa stadi kuliko marehemu. Mtoto yule alizaliwa akibisha. Ukimwambia jua linachoma anakwambia ni wewe umesimama vibaya. Darasani alibishana na mwalimu, kwenye duksi, chuo cha Kurani, alibishana na maalimu juu ya nani anyooshe mkeka. Alibisha mpaka akapata safari, akaenda nchi ya barafu, akaoa binti wa kwetu huko, wakapata watoto wawili.

Mimi nilitaka arudi. Msomaji, shika hilo kwanza, mengine yote yametoka hapo.

Alirudi kutembea na familia yake wakati wa ule ukame mrefu wa juzi. Mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu, barabara ya Habaswein ilinuka mizoga, na hapa mtaani kwangu Iftin, Garissa, mabati yalikuwa yakilia mchana kwa joto. Mjukuu wangu mdogo hakuweza. Alivimba vipele, akatapika, akalazwa siku nne. Mke wa mwanangu hakusema neno baya, lakini niliona anavyokunja nguo na kuziweka kwenye sanduku kila siku, kama mtu anayefanya mazoezi ya kuondoka.

Jioni moja mwanangu aliniwekea simu mbele ya uso. "Aabo," akasema, ndivyo tunavyomwita baba, "tazama hii. Nyumba yetu ya kule."

Niliona ngazi zinashuka, halafu chumba kizima chini ya nyumba, kina zulia, kitanda, mashine ya kufua, watoto wanarusha mpira.

"Watu wa nyumba hii wamekufa?" nikauliza.

"Aabo, ni chumba tu! Kiangazi kina ubaridi, bila feni. Nataka tujenge hapa. Watoto walale chini. Tukipata hicho, tunarudi wote. Kabisa."

Neno hilo "kabisa" lilinipata, lakini sikukubali siku ile. Nilimweleza, na namweleza msomaji pia. Kule kwao ardhi inaganda. Baridi inashuka mpaka kimo cha mtu, na maji yaliyo ndani ya udongo yakiganda yanavimba, yanainua kila kilicho juu yake. Kwa hiyo msingi wa nyumba lazima ushuke chini kuliko baridi inapofika. Wakishachimba shimo refu hivyo, wanajiuliza, mbona tulijaze tena? Wanaweka sakafu, wanaweka kitanda. Chumba chao cha chini ni baridi iliyowalazimisha. Hapa hakuna kinachoganda isipokuwa soda. Futi tatu za msingi zinatosha, na mtu akitaka chumba kingine anakiongeza ubavuni, kwa sababu kitu tusichokosa ni uwanja.

Tena kuna udongo wenyewe. Karibu na Tana ni mchanga, ukichimba unakurudia miguuni. Wajir ni maji. Na penye udongo mweusi, kama uwanja wangu, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ikija unavimba na kusukuma. Ukuta uliosimama juu yake unatikisika kidogo tu. Ukuta uliosimama ndani yake unabanwa kama kidole mlangoni.

"Sikubali," akasema. "Kuna dawa ya kuzuia maji, kuna vyuma, kuna hesabu. Aabo, nyinyi mliogopa kwa sababu hamkuwa na vifaa."

"Hatukuogopa. Tulizika."

Alirudisha simu mfukoni. Habari ya baba yake mkubwa alikuwa anaijua. Halafu akasema, "Basi sisi tutabaki kule, na wewe utatuona kwenye simu."

Nilikataa wiki mbili. Wiki ya tatu nilikubali. Sitasingizia mapenzi peke yake. Nilikuwa pia na kiburi. Nilisikia tayari watu wakisema: yule mbeba ndoo wa Wajir, leo ana nyumba chini ya nyumba.

Tulichimba uwani, mahali pa bawa jipya la nyumba. Fundi wangu ni Mkristo kutoka upande wa Mwingi, tumefanya kazi pamoja miaka ishirini, na mdomo wake haujawahi kuishiwa.

"Mzee, hili kaburi ni la ukoo mzima ama kuna ubaguzi?" aliuliza siku ya kwanza.

"Chimba, mla punda. Lako litakuwa fupi."

Siku ya tano tukiwa tumepita kifua, akaniita. Kwenye ukuta wa shimo, ndani ya udongo mweusi, kulikuwa na mstari wa kokoto ndogo, laini, za duara, upana wa viganja viwili. Kati ya kokoto kulikuwa na magamba ya konokono, matupu, meupe. Kokoto haziwi laini hivyo bila kubingirishwa, na konokono haji hapo kutafuta jua. Palikuwa na laga, kijito cha msimu, kilichowahi kupita kwenye uwanja wangu kabla hata ya babu zetu kupita.

Fundi alinitazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mzee, hapa maji yalikuwa na njia."

"Yalikuwa," nikasema.

Nilitia gamba moja mfukoni na sikumwambia mwanangu. Mtu anayechimba wakati wa ukame huona anga tupu, anaona udongo unatoka vumbi tupu mpaka chini, na hata kama amefanya kazi hiyo maisha yake yote, anaanza kuliamini jua. Kosa hilo ni letu sisi watu wa huku, mgeni hawezi kulifanya. Ndilo linalofanya watu wajenge ndani ya laga kila ukame unapochelewa kuisha.

Chumba kikaisha. Kuta za zege, paa la zege, ngazi kumi na mbili, matundu manne ya hewa juu usawa wa ardhi. Kweli kilikuwa na ubaridi. Watu wa Iftin walikuja kukiona, wakashuka wakisema mashallah, wakatoka haraka. Bibi mmoja jirani, ambaye hajawahi kunipenda, alisimama mlangoni na mkongojo wake. "Wengine wanabebwa kwenda kaburini," akasema. "Wewe umejiwekea ngazi." Nilicheka. Usiku sikulala vizuri, ila nilijiambia ni chai.

Mwanangu akatuma familia kule kufunga mizigo, yeye akabaki kumalizia rangi. Walikuwa warudi baada ya wiki saba.

Halafu mvua ikaja. Hakuna mtu hapa asiyekumbuka mvua zile zilizofuata ukame, jinsi zilivyonyesha kama zinalipiza. Siku mbili za kwanza tulishukuru Mungu. Siku ya tatu niliona alama kwenye ukuta wa chini, upande wa mashariki, ukubwa wa kiganja. Kesho yake ilikuwa ukubwa wa mbuzi. Niliweka sikio ukutani. Ndani ya ukuta kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayemeza.

"Ni unyevu tu," mwanangu akasema.

"Ni laga," nikasema, na ndipo nilipomwonyesha lile gamba. Alilitazama mkononi mwangu, akanitazama mimi. Alikuwa na haki ya kunitukana nje ya mtaro siku ile. Hakunitukana. Akachukua simiti, akaenda kuziba.

Maji ya juu nayo yakaanza kuingia kwa matundu ya hewa, akayaziba kwa matofali. Yote manne. Nilimwona akiyaziba na nilimpitishia matofali mwenyewe. Ufa ukafunguka kwenye kona. Siku ya kumi maji yalikuwa mapajani na familia yake ilikuwa na wiki mbili tu kufika.

Asubuhi mvua ilipopumzika akasema atayatoa yote siku hiyo. Niliikata kamba mpya ya katani nikamfunga kiunoni kwa mkono wangu.

"Aabo, hiki si kisima. Ni chumba cha watoto."

"Chumba chenye maji ni kisima."

"Nafungwa kama dume la mnada!"

"Dume la mnada lina nyama," fundi akasema. "Wewe una mifupa ya ng'ambo."

Tuliweka pampu ya petroli juu, mlangoni, na mpira ukashuka kwenye ngazi. Yeye alikuwa chini akiuelekeza. Mpaka adhuhuri maji yalikuwa magotini, halafu mpira ukaanza kuvuta hewa, kwa sababu ulikuwa mfupi na kona yenye maji ilikuwa mbali. Alipanda juu akakaa. Alijaribu kufungua kamba, lakini katani ikilowa fundo lake halifunguki, akaiacha inaning'inia kama mkia. Nilifunga ncha nyingine kwenye nguzo. Adhana ikalia. Fundi alikwenda dukani kutafuta mpira mrefu.

"Usishuke mpaka nirudi," nikamwambia mwanangu.

"Nyumba ni yangu, nitashuka nikitaka."

"Ardhi ni yangu."

"Basi toa ardhi yako, niachie nyumba!"

Nilikwenda msikitini nikitabasamu. Alikuwa na hewa nzuri.

Nilipokuwa narudi nilisikia pampu kabla ya kufika lango. Nikasimama. Sauti haikuwa mahali nilipoiacha. Ilikuwa inatoka chini ya miguu yangu.

Alikuwa ameibeba mashine mwenyewe mpaka chini, akaiweka kwenye ngazi ya pili kutoka sakafuni, karibu na maji, ili mpira ufike. Injini ya petroli, ndani ya chumba cha zege, matundu yote yamezibwa. Mlangoni palikuwa na ukungu mwembamba wa buluu, haukuwa hata moshi wa kukohoza. Yeye simwoni, alikuwa nyuma ya pembe ya ukuta. Kamba ilikuwa imekaza kidogo kuelekea huko.

"We fisi!" nikapiga kelele.

"Fisi ni wewe, mzee! Nimemaliza nusu!"

"Zima hiyo mashine utoke, punda!"

"Punda ni aliyeninunulia mpira mfupi!"

Moyo ulinirudi. Nikaikamata kamba nikaizungusha mkononi. Fundi aliingia langoni na mpira begani, nikamwita kwa mkono. Nikapiga kelele tena, "We mwizi wa mbuzi, unatoka ama nije nikutoe kwa masikio?"

Nilisikia maji yakichezacheza. Nilisikia injini.

"Ndiyo, aabo," akasema.

Sauti ilikuwa laini. Mtu aliyebishana na mimi miaka thelathini, juu ya jua, juu ya mkeka, juu ya ardhi, alinijibu ndiyo. Nilikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo, ikitoka chini ya mabati na miiba, ikiniambia nipumzike.

Sikupumzika. Nilimwambia fundi "Vuta!" na tukavuta. Fundi alitaka kushuka, nikampiga teke asishuke. Kamba ilikuja, ikakwama kwenye pembe, tukaivuta ikakubali. Halafu akaja kwenye ngazi, chali, mikono imelegea. Ngazi kumi na mbili za zege. Nilisikia kichwa chake kikigonga moja, na nyingine, na nyingine, na sikuacha kuvuta. Kama ningeacha kuvuta ili nimwinue taratibu, angebaki chini. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Bado ndivyo ninavyofikiri, mchana.

Juu, midomo yake ilikuwa myekundu kama ya mtu mwenye afya. Fundi alimgeuza, akampuliza hewa mdomoni, akampiga kifuani akimwita kwa majina mabaya ya Kikamba, na baada ya muda ambao siwezi kuupima alikohoa. Tukakata kamba kwa kisu.

Daktari alisema ni moshi wa injini, kwamba unaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa. Nikamuuliza, na kichwa? Akasema kichwa pia kiligongwa, na kwamba hawezi kutenganisha lipi limefanya nini. Anaweza kupona polepole, alisema. Au abaki hivyo.

Mkewe alikuja na watoto, siku ileile waliyokuwa wamepanga. Wanalala chumba cha mbele, juu ya ardhi, na feni mbili. Hajaweka nguo sandukuni tena. Mwanangu anatembea, anakula, anawajua watoto wake, anaswali. Anakaa dukani kwangu na mteja akimwambia bei ni kubwa anapunguza. Mteja akimwambia bado ni kubwa, anapunguza tena. Hajabisha na mtu tangu siku ile.

Chumba nilikijaza. Lori kumi na moja za mchanga wa mtoni, na fundi alishindilia kila futi mwenyewe. Nilimtafuta yule bibi wa mkongojo ili aseme alichotaka kusema, lakini alipita tu, akatoa salamu.

Kila asubuhi, kabla ya chai, naenda kukaa karibu na mwanangu na namtukana. Mkewe alidhani nimerukwa na akili mpaka nilipomweleza. Sasa hunisaidia kutafuta maneno. Namwita fisi, mbweha, mla punda, dume la mnada. Yeye hunigeukia na uso mzuri.

"Ndiyo, aabo," husema.

Juzi nilimwambia masikio yake hata mbuzi mia hawatoshi. Alinitazama muda mrefu. Mdomo wake ulisogea, ukatafuta, nikashika kiti. Halafu akasema ndiyo, aabo. Namvuta bado. Sijui kama alitoka mzima.

Waliotaka kujua kwa nini nyumba zetu hazina chumba chini, wamejua.

Leo nina nyumba moja ya vyumba saba, Iftin, imelipiwa hati. Maduka matatu, mawili yamepangishwa. Ngamia tisa upande wa Habaswein na mbuzi ambao idadi yao anaijua mchungaji. Shamba la ndizi na tikiti Masalani, linalofikiwa na mto ukipenda. Lori moja. Mashine moja ya kuchanganya zege, sururu nne, mabeleshi sita, mitaimbo miwili. Vipande viwili vya kamba vilivyokuwa kamba moja. Gamba la konokono ndani ya kopo la majani ya chai. Pampu niliiuza. Chini ya nyumba sina kitu.